Kesi ya Jani Lililogeuzwa

Kila alfajiri, katika nchi ya Juujuu, majirani walipita baina ya matuta wakisifu bustani za wenzao: "Mashallah, imetakata!" Naye mwenye bustani hujibu, "Ni macho yako mazuri." Jani lilisifiwa upande wa juu tu; kuligeuza kulikuwa fedheha sawa na kufunua pazia la chumba cha watu. Majani yalipoingia madoa ya manjano, mabingwa walifasiri kuwa ni dhahabu. Utando ulipoyafunika, waliuita hariri ya harusi. Na yalipopukutika, walisema yamesujudu. Methali ya mficha uchi hazai ilipigwa marufuku. Hivyo watu wa Juujuu walishiba sifa asubuhi, na jioni wakala ugali mkavu.

Alfajiri moja, Bi Mapambo alikuwa katikati ya "Mashallah" alipomwona jirani yake, binti aitwaye Bayana, amepiga magoti, anageuza jani la mbiringanya.

"Uwi! Bayana amefunua!"

Bayana, msichana asiyeweza kuomba chumvi bila kuinamisha uso, alishtakiwa siku hiyohiyo. Adhabu ilijulikana: tuta lake livunjwe. Nalo ndilo alilorithi kwa marehemu mama yake, la mwisho nchini lililokuwa likizaa.

Kadhi Fumbamacho aliketi kwa haiba na huzuni.

"Bi Mapambo, uliona nini chini ya jani?"

"Mimi, Kadhi wetu? Mwanamke wa heshima? Nilifumba macho!"

"Ulijuaje basi kwamba limegeuzwa?"

"Nilifumba baadaye."

Kielelezo kililetwa kwenye sinia, kimefunikwa kanga kwa ajili ya staha. Karani akajikwaa, jani likaanguka juu ya karatasi nyeupe ya Kadhi. Vikamwagika vijidoa vyekundu, vidogo kuliko pilipili iliyosagwa. Kisha vikaanza kutembea.

"Ni vumbi," karani alisema.

"Vumbi lenye miguu?" sauti ilinong'ona nyuma.

"Mtoeni huyo! Ametazama!" karani alifoka.

Kadhi alimgeukia mshtakiwa. "Ewe Bayana, ulipoligeuza ulifanya nini? Eleza, ili jinai ipimwe."

"Niliwakuta utitiri, Kadhi wetu, wakinyonya jani. Nikawapiga kwa maji, kwa nguvu, kutoka chini."

"Maji matupu?"

"Yana sabuni kidogo na mafuta ya mwarobaini. Jua likishapoa, jani lisiungue."

"Kidogo kiasi gani? Baraza hili halihukumu kwa kukisia."

"Mpaka yatoe povu jepesi."

"Na uovu huu uliurudia?"

"Kila baada ya siku chache, maana mayai yao huanguliwa. Majani yaliyozidiwa niliyachoma."

Baraza zima lilikuwa limeinama mbele, masikio wazi. Bi Mapambo akashindwa kujizuia. "Sabuni ya kufulia au ya kuogea?" Akaongeza upesi, "Nauliza kwa ghadhabu!"

Askari akainua jembe. "Kadhi wetu, tukalivunje tuta?"

Bayana alilia kimyakimya. Kadhi alivitazama vijidoa vikipanda mkono wa joho lake.

"Swali la mwisho," alisema. "Tuseme yupo mtu, mtu asiyehusika kabisa, ambaye mibiringanya yake imevaa hariri hadi kileleni. Mtu huyo amechelewa?"

"Mtu gani, Kadhi wetu?" Bayana aliuliza kwa upole.

Kadhi alimgeukia askari.

"Weka jembe chini, askari. Mtu huyo ni mimi. Bustani yangu inakufa, mwanangu, na ninaogopa kutazama. Njoo unishike mkono nigeuze jani la kwanza."