Nyongo ya Mtu wa Vikwembe

Wewe unayesikiliza, ukiletewa vikwembe na kuambiwa ushone mtu mzima, pamoja na vyote vilivyomo tumboni mwake, ungeanza na nini? Mama Pélagie alianza na nyongo.

Mwalimu Osée alishangaa. Kazi yenyewe ni yeye aliyeileta. Alikuwa anafundisha wauguzi, na ule mfano wa mwili wa pale shuleni, wa plastiki, unaofunguka kifua, ulikuwa umebaki bila utumbo na bila ini. Akaona, kwa nini asishonewe mwingine hapa hapa mjini? Ndipo alipokuja mtaa wa Makiso kwa mama Pélagie, fundi wa kushona nguo, picha kubwa ya mwili ameiviringisha kwapani.

"Mama, wengine wangeanza na moyo," alisema.

"Moyo kila mutu anaujua, unagonga. Hii nyongo je? Iko ya nini?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, macho kwenye sindano. Hakusema kwamba wiki inayofuata yeye mwenyewe alikuwa anangojewa hospitalini, apasuliwe. Kwa miezi sasa, kila akila sombe, yale majani ya muhogo, yenye mafuta mengi ya ngazi, yaani mawese, ubavu wa kulia unamkaza, na maumivu yanapanda mpaka begani. Docteur Rachidi alimpitishia mashini ya kuangalia ndani, akabonyeza chini ya mbavu, kisha akaongea Kifaransa cha haraka, na Falonne, binti wa mama Pélagie, ndiye aliyekuwa anaitikia. Yeye mwenyewe alishika jambo moja tu: nyongo ina mawe, itatolewa. "Uko na swali, mama?" docteur aliuliza. Akajibu hapana, maana Falonne alikuwa ameshasimama, na kwenye koridoo watu walikuwa wamejaa.

Swali alikuwa nalo, tena kubwa. Huko kwao, upande wa Isangi, msichana akianza kusafisha kuku anaonywa mapema: ukifika kwenye ini, kisu kiende polepole, kile kifuko cha kijani usikiguse. Kikipasuka, nyama yote inakuwa chungu, uioshe na ndimu, uitie chumvi, ni kazi bure. Sasa docteur akiingiza kisu mahali pale pale, itakuwaje? Na mtu akitolewa nyongo kabisa, anaishi na nini? Kumuuliza Falonne aliona haya, angeambiwa, "Maman, wewe si kuku." Kwa hiyo mwalimu alipokuja na picha yake, mama Pélagie aliipokea kazi kabla hajamaliza kuelezwa.

Akashona. Mapafu aliyatoa kwenye mabaki ya godoro, akayavika kitambaa cha waridi. Ini alilikata kwenye kikwembe cha rangi ya kahawia, zito, likajaa mkono. Utumbo alioushona ulikuwa kama mkanda usiokwisha, na mteja mmoja aliyefuata blauzi yake akauliza kama sasa mama anauza soseji. Chini ya mapafu akatandika kipande cha mwavuli uliovunjika, maana Osée alikuwa amemwambia kwamba kuna ukuta hapo, mwembamba, unaotenga kifua na tumbo.

Jioni Osée akitoka shuleni alikuwa anapita kuangalia, naye mama Pélagie hakosi neno.

"Mwalimu, mutu ili aishi anahitaji nini na nini?"

"Si vitu vingi, mama. Hewa. Maji. Chakula. Joto la kiasi, lisizidi, lisipungue. Na ile hewa ya nje itukandamize kidogo."

"Itukandamize? Mimi sisikii kitu kinanikandamiza, labda wateja."

Osée akacheka, akashika kile kipande cha mwavuli na kukivuta chini. "Angalia. Ukuta huu ukishuka, kifua kinapata nafasi, na hewa ya nje inasukumwa kuingia. Ukipanda mlima mrefu sana, kule juu inasukuma kidogo, ndiyo maana watu wanahema."

Mama Pélagie akaweka mkono tumboni, akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Miaka yote hiyo alikuwa anapumua tu bila kufikiri. Mashini ya kushonea ikasimama, mteja wa blauzi akasubiri.

"Lakini nyongo hukuitaja," akasema.

"Kutaja wapi?"

"Kwenye hivyo vitu."

"Aa, hivyo mwili unavipata nje. Nyongo iko ndani, inasaidia chakula," Osée alijibu, na mwendesha toleka aliyekuwa anamngojea akapiga kengele ya baiskeli, basi mazungumzo yakakatika hapo.

Siku mtu wa vikwembe alipokamilika, mama Pélagie alimwegemeza kifuani pake, mgongo wa yule kwenye kifua chake, kama mtu anayepima nguo. Akashuka na kidole mpaka kwenye ini. Likawa kushoto. Nyongo nayo kushoto. Akajigusa yeye, kulia, pale docteur alipobonyeza, pale panapomkaza. Kuna aliyekosea: docteur, ao picha, ao Mungu siku ile aliyomuumba yeye.

Osée alipofika alimkuta amekaa, hashoni.

"Mwalimu, kuna batu wenye nyongo kulia?"

"Sote, mama." Kisha akamwona yule mtu mezani, akainama, akafunua tumbo, akageuza kitambaa. "Ulichora chaki upande gani?"

"Nyuma, kama kawaida. Chaki isichafue uso wa kitambaa."

"Bon. Ulipokigeuza, kila kitu kikahama. Hata moyo, angalia, umekimbilia kulia."

Mama Pélagie akacheka mpaka akashika ubavu, na alipoushika kicheko kikakatika. Osée akaona.

"Mama, nani anaumwa?"

"Mutu fulani."

"Huyo mutu fulani, akila mafuta anashika hapo unaposhika?"

Mama Pélagie akauondoa mkono ubavuni. Halafu akakubali kwa kichwa. Osée akavuta kiti, akaliweka ini la kitambaa kwenye magoti. "Maji ya nyongo yanatengenezwa na hili ini. Hiki kifuko kinayatunza tu, mpaka mafuta yafike tumboni."

"Donc ini ndiyo mpishi, kifuko ni bidon ya kutunzia maji."

"Ni hivyo kabisa. Bidon ikitolewa, mpishi anaendelea kupika."

"Na bidon ikipasuka wakati wa kuitoa?"

Osée akakuna kichwa. "Hilo uliza docteur wako. Yeye ndiye aliona ndani yako. Mimi mutu wangu ni wa vikwembe."

Mama Pélagie akafumua, akashona upya, ini likarudi kulia. Lakini swali halikufumuka.

Asubuhi ya kwenda hospitali Falonne alimwambia njiani, "Maman, leo docteur iko na watu wengi, tusimchoshe." Mama Pélagie akaendelea kutembea. Waliingia, wakakaa. Docteur Rachidi, mtoto wa Kindu ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wengi, akafungua tena Kifaransa chake, akimwelekea Falonne, na Falonne akawa anasema oui, oui. Mwishoni akauliza lile neno lake la siku zote:

"Uko na swali, mama?"

"Hana, docteur," alisema Falonne, akichukua mkoba.

Mama Pélagie akaweka mkono juu ya goti la binti yake, taratibu, akamkalisha.

"Niko nalo," akasema. "Tangu siku ile niko nalo. Docteur, unielezee kwa Kiswahili, polepole, mimi mwenyewe, si mtoto wangu. Kuku nikimpasulia nyongo, nyama yote inaharibika. Mimi je? Ikipasuka mkononi mwako, utafanya nini? Nataka kujua, kabla ya kulala kwenye kitanda chako."