Mkono wa Tatu

Barua ilibandikwa kwenye mlango wa stoo, mahali ambapo kila mpakiaji wa mpunga angeisoma. Ombeni amefukuzwa kazi kwa kupaka ovyo bomba la moshi la kikaushio. Chini yake, sahihi ya Injinia Adrian. Nakala zipelekwe vinu vyote kuanzia Chimala mpaka Iringa.

Ombeni ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Ana miaka ishirini na sita kwenye rangi, na sasa kijikaratasi kingemfungia kila mlango kabla hajafika kwao Kilolo. Niliibandua, nikaipeleka kwa Bi Batuli, mwenye kinu. Adrian alikuwa ofisini humo, anakunywa chai.

"Irudishe ulikoitoa, Asukile," alisema.

"Itarudi ikisema kweli."

"Kweli ipi? Rangi imebanduka kama magamba ya sato. Nani alishika brashi?"

"Na nani aliagiza kopo?"

Akacheka, akamgeukia Bi Batuli. "Mama, hii rangi ni polisilazani, na polisilazani ni polisilazani. Silikoni na nitrojeni zimeshikana, basi. Siku hizi wapaka rangi wanatufundisha kemia."

Maelezo ya ile rangi nilikuwa nimeyasoma neno kwa neno, kamusi mkono mmoja, simu mkono mwingine. Yeye aliona neno "gumu" tu, akaagiza.

"Ziko aina mbili, Bi Batuli. Aliyoagiza yeye haina kaboni. Ikikutana na unyevu wa hewa inatoa harufu kali ya amonia, inageuka kioo. Viwandani wanaipaka kwenye vifaa vya elektroniki, tabaka jembamba kuliko ganda la kitunguu. Ya pili ina kaboni, kwa hiyo haiwi kioo kitupu, inanyumbulika kidogo. Hiyo ndiyo ya mabomba ya moshi, maana chuma kikipata moto kinatanuka. Injinia kaleta kioo, kisha kaamuru mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, kama rangi ya mlango. Ombeni alimwambia, mkono wa tatu utapasuka. Akajibiwa, 'Paka, mzee, hulipwi kufikiri.'"

"Maneno matupu," Adrian alisema.

"Basi njooni tanurini."

Nilikuwa na vibati viwili nilivyovipaka siku kadhaa kabla, rangi ilipoanza kubanduka. Kimoja nilikipaka mikono mitatu ya rangi yake, kingine nilikipaka ile ya pili, kutoka kopo dogo la sampuli lililokuja na mzigo na ambalo yeye hakulifungua. Nikavisukuma vyote kwenye moto wa pumba, nikavitoa kwa koleo, tukangoja vipoe. Cha kwanza kilianza kulia, ti, ti, ti, kikachanika kama tope la jaruba wakati wa kiangazi. Cha pili kilibadilika rangi kidogo tu.

Bi Batuli alikipitishia cha kwanza ukucha, akamtazama injinia.

"Nitaandika kwamba kulikuwa na kutoelewana," Adrian alisema.

"Hakuna aliyeshindwa kukuelewa," nilimwambia. "Andika kwamba kopo ulichagua wewe, mikono mitatu uliamuru wewe, na mzee alikukataza."

"Huyu mtoto ananipangia sentensi?"

"Andika, Adrian," Bi Batuli alisema. "Na nakala za hii utazizungusha mwenyewe, kinu kwa kinu."

Aliandika, amekunja uso. Nilimpigia Ombeni, nikamsomea barua mpya yote, mpaka sahihi.

"Nimesikia," alisema. "Niwekee nakala moja."

"Bi Batuli anasema urudi kesho, baba."

"Mwambie namshukuru. Kwa mtu aliyeniambia silipwi kufikiri, sirudi."

Simu ikakatika. Bi Batuli akauliza sasa nani atakwangua lile bomba lote. Nilichukua brashi ya waya, nikapanda ngazi, na kila gamba lililobanduka nikaliacha lianguke mbele ya mlango wa injinia.