Cherehani Ndani ya Wimbo

Polisi waliegesha gari mbele ya kibaraza chetu cha mafundi cherehani, milango wazi, redio inaimba wimbo wa kaka yangu. Wenyewe ndio walioupiga marufuku. Kaka aliutunga baada ya polisi kumpiga mdogo wetu kwenye kizuizi cha barabarani, tukarudishiwa maiti. Wimbo unawauliza: "Mlimwambia lala chini, mbona hamkumwambia amka?" Tulipourekodi hatukuwa na ngoma, kwa hiyo kaka aliimba, mimi nikakanyaga cherehani. Sasa walikuja na wimbo wenyewe kwenye kanda, waitafute kwa mlio cherehani hiyo iwafikishe kwake.

"Kila mmoja akanyage, tusikie," alisema afande mnene.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, tunayemwita Mama Vifungo. "Afande, na suruali ilivyokubana hivyo, usiondoke bila kupimwa."

Mafundi walicheka chini chini. Afande hakucheka.

Zamu yangu ikafika. Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala. Kwenye wimbo cherehani yangu inasikika ikichechemea, lakini nilishakaza skrubu na kuitia mafuta, imetulia kama maji mtungini. Nikakanyaga. Ikaenda laini. Afande alikuwa ameshanipita, ndipo redio ikafika pale kaka anapovuta pumzi, na mguu wangu ukasimama. Ukamngoja. Alipoanza tena, nao ukaanza.

Sikujua nimefanya hivyo mpaka nilipoona afande amegeuka.

"Rudia."

Nilijaribu kukanyaga ovyo ovyo. Mguu ulikataa, ukamngoja tena.

"Huyu anayeimba yuko wapi?"

"Sijui, afande."

"Utajua mbele ya safari. Ingia kwenye gari."

Nikamfungua mtoto, nikampa Mama Vifungo. "Mama, anapenda kubebwa upande wa kushoto," nikasema, kisha nikamsogelea sikioni. "Mwambie kaka asijitokeze kwa ajili yangu. Namjua, atakuja."

"Akithubutu nitamkalia," akanong'ona. Na Mama Vifungo akikukalia, huinuki.

Mtoto aliamka nikiwa nimeshaketi nyuma, katikati ya askari wawili. Kilio chake kilipofika, maziwa yakanichuruzika, blauzi yote ikalowa. Nikajifunika kwa viganja. Kupigwa nilikuwa nimeshakukubali. Nilichokihofia ni kaka: akisikia nimechukuliwa, pingu atazifuata mwenyewe, na sisi tumeshazika mmoja.

Gari likaondoka. Redio bado inaimba, ubeti wa mwisho, ule anamolitaja jina la mdogo wetu.

"Zima hilo dude," afande akasema.

Dereva, kijana mdogo, akanyoosha mkono. "Kitufe kimekwama, afande."

Kutoka nyuma nilikiona kidole chake. Hakikugusa kitu.

"Kikwame leo?"

"Gari bovu hili, afande. Nilishasema."

Tukakata kona, tukapita sokoni hivyo hivyo, gari la polisi likimwita mdogo wetu kwa jina lake, na watu wakaacha mizani wakageuka kusikiliza.