Svele Zisipoe

Gunnvor alikuwa amechoka kuambiwa hajui kazi. Yeye ndiye fundi umeme wa feri, na mara mbili mwezi huo betri za dharura zilikuwa zimemwaibisha mbele ya mkaguzi. Umeme mkubwa ukikatika, betri hizo ziwashe taa na redio kwa nusu saa, ndiyo sheria. Akizijaribu mwenyewe alfajiri, kabla abiria hawajapanda, zinafika dakika arobaini. Mkaguzi akija, dakika kumi na mbili tu, giza. Nahodha Oddleif alishasema: zikizima mara ya tatu, analeta fundi mwingine kutoka Bergen.

"Labda zinakuogopa," Oddleif alimchokoza jioni hiyo ya Novemba, feri ikiwa bado gatini na abiria wamejaa.

"Zima umeme, nahodha. Maneno baadaye."

Umeme ukazimwa. Mashine ya kahawa ikanyamaza, runinga ikafa, zikabaki taa ndogo za dharura. Mkaguzi Hallstein akatazama saa yake. Gunnvor akasimama roho mkononi, akihesabu. Dakika ya tatu. Ya nne. Ndipo akasikia chwaaa, na harufu ya siagi ikampiga puani.

Kwenye kaunta, Borghild mpishi alikuwa akigeuza svele, zile chapati nene za maziwa, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mama Borghild! Umeme umekatika meli nzima. Hicho kikaango kinawaka kwa nini?"

"Hiki hakizimiki, mwanangu. Ndiyo raha yake."

Gunnvor akapiga magoti, akasukuma kreti za soda, akaufuata waya kwa tochi mpaka kwenye soketi nyekundu ya betri za dharura. Juu yake pamebandikwa karatasi: *Usichomoe. Svele zisipoe. Oddleif.*

Damu ikamchemka. Wiki tatu anasugua betri, hapati usingizi, anasimangwa mbele ya wenzake, kumbe anayezinyonya ni huyo huyo anayemsimanga! Akachomoa waya. Foleni ikaguna.

"Jamani, yangu ilikuwa inaiva!" alilalamika mzee mmoja.

"Tukizama gizani utaila na nani, samaki?"

Taa hazikuzima. Dakika ya kumi na mbili ikapita, ya ishirini, ya thelathini na moja. Hallstein akasaini, na Gunnvor akamkabidhi ile karatasi aisome mwenyewe. Oddleif, masikio yamemwiva, akamsogezea Gunnvor sahani.

"Kula, yaishe. Mimi niliwafikiria abiria."

"Sili. Umeniambia sijui kazi mbele ya watu. Sasa sema mbele ya watu."

Oddleif akaitazama foleni. Foleni ikamtazama.

"Anaijua," alinong'ona.

"Huko nyuma hawajasikia," alisema Gunnvor, na hakusogea hata hatua moja mpaka nahodha aliposema tena, kwa sauti.