Pengo Mbele ya Birika

...na bado anasema simameni hivyo hivyo, msitikisike, kana kwamba sisi ndio tunaotikisika na siyo hiyo kamera yake aliyoiweka juu ya boneti ya gari, ameiegemeza kwenye kopo la grisi, kopo limeteleza, sasa anazunguka gari kutafuta kitu cha kusawazishia, jicho moja amelifumba kama anavyolifumba karakanani akitazama ubao kama umenyooka, mume wangu huyu, Fundi kwa kila mtu mpaka kwa mama yake mzazi, na jua linatuchoma utosini, nyuma yetu birika la saruji kubwa kama nyumba, rangi ya bluu imebambuka mpaka kwenye kifuniko, tumesafiri asubuhi nzima kuja kuona birika lisilochemsha chochote, na mwenye birika amekaa kivulini anapaza sauti, "Watoto wasipande kwenye mdomo, jamani, mdomo una ufa!", watoto gani, mtoto hapa ni mmoja tu, Kidoti, kitindamimba wangu, amening'ang'ania mkono wa kulia kwa vidole vinavyonata peremende, na mkono wangu wa kushoto umo mfukoni umeishika simu, naomba isitetemeke, naomba itetemeke, sijui naomba nini...

"Mama, tutachelewa kwenye kiti kikubwa."

Hatutachelewa, mwanangu, nyamaza, tabasamu, baba yako anatengeneza, hicho kiti usikitaje kwa sauti, na anakitaja tangu kituo cha mafuta, tangu yule muuza mafuta alipotuambia tusikose kiti cha njia panda, kirefu kupita nguzo ya umeme, watu wanasimamisha magari kupiga picha, wala hakina msumari hata mmoja, na mimi wakati huo nimetoka chooni, na humo chooni, bomba nimelifungulia ili maji yafunike sauti yangu kama mwizi, nimetoka kuongea na Randa, binti yangu wa kwanza, "Mama, leo mnapita njia panda? Kuna kiti kirefu hapo, nimekitengeneza mimi, kiko mbele ya karakana yangu, mkono wa kushoto, nitakuwepo siku nzima," halafu akasema, "Kama Baba hataki kushuka, we nipungie mkono tu dirishani"... nimpungie mkono tu, Mungu wangu, mtoto niliyembeba tumboni nimpungie mkono kama abiria wa basi lingine, hapana, lakini nikimwambia Fundi halafu akatae mbele ya Kidoti, akanyage mafuta tupite kile kiti kwa kasi, mtoto wangu amesimama mlangoni na nguo aliyoichagua kwa ajili yetu, basi bora nisingemwambia, bora achukue njia ya kulia twende zetu kwenye maporomoko kama alivyopanga, nimdanganye Randa kwamba gari liliharibika... naona aibu hata kuufikiria uongo huo.

"Fundi, tutaiva hapa," anasema Bibi, mama mkwe wangu, "hilo birika litaanza kuchemka na sisi ndani."

"Kidogo tu, Mama."

Kidogo tu, ndivyo alivyosema kwenye pango la popo, ndivyo alivyosema kwenye lile jiwe lenye uso wa mtu, ambapo Bibi alilitazama jiwe, akasema huyu ni marehemu mume wangu kabisa, hivi ndivyo alivyokuwa akikunja sura akipewa dawa, tukacheka mpaka Fundi akacheka, kicheko chake cha zamani, nikafungua mdomo nimwambie, sasa, mwambie sasa, akaanza kulalamika jinsi walivyoupachika ule uzio wa mbao kuzunguka jiwe, mtu unapitisha mkono mzima, fundi gani huyu, kwa mume wangu pengo ni tusi, mlango ukiacha mwanya wa kupita unyoya anaung'oa upya, na Randa alikuwa vilevile, hawa wawili walichongwa kwenye gogo moja, jina lenyewe la Randa alimbatiza yeye, mtoto hajaanza kusema vizuri ameshika randa ya kulainishia mbao hataki kuiachia, akamfundisha yote, mpaka ile namna yake ya kuunga, ulimi wa ubao huu kwenye tundu la ubao ule, hakuna gundi hakuna msumari, anaigonga kwa kiganja tu inaingia, siri Fundi aliyoachiwa na baba yake, hakuwahi kumfundisha mwanagenzi mwingine yeyote, halafu msichana kasimama mezani kwetu, kasema Baba nataka karakana yangu, na huyu bwana kapandisha, eti nimekupa mikono yangu unakwenda kuitumia kushindana na mimi, ukivuka kizingiti hicho usinihesabu, na Bibi akamwambia palepale, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ulimlea awe fundi, amekuwa fundi, unalia nini sasa, lakini kizingiti kilishavukwa, mlango ukafungwa polepole bila kelele, maana ni mlango mzuri, waliutengeneza pamoja... na tangu siku hiyo mimi ambaye mtaa mzima unaniita Mama Randa, nikawa kwake Mama Kidoti, hivi hivi, bila tangazo, kama mtu aliyebadilisha kitasa.

Ngoja... hakina msumari hata mmoja, alisema muuza mafuta, na Fundi alisemaje, aliuliza, "Hata mmoja?", basi, halafu akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha mbele ambacho yule kijana wa mafuta alikuwa ameshakifuta, akafuta, akafuta, mimi nikadhani amekerwa na wadudu, mimi na bomba langu la chooni, mimi na siri yangu mfukoni, na yeye...

"Mama, mbona umesogea?" Fundi anamwambia Bibi. "Rudi ulipokuwa."

"Nimeziba hapa, kuna pengo kati yangu na mkeo."

"Liache."

Liache... nani kasema hivyo, Fundi kasema liache, Bibi anarudi alipokuwa, mkoba wake kwenye kiwiko, kiwiko chenyewe amekitoa nje kidogo kama mtu anayesubiri kushikwa, na sasa naona, kwenye pango alisimama hivyo, kwenye jiwe alisimama hivyo, maana kwenye kila picha ya kila likizo hapo ndipo Randa anaposimama, kamshika bibi yake mkono, halafu mimi, halafu Kidoti, halafu baba yao mwisho akihema kwa mbio za kuiwahi kamera, na mimi siku nzima nilidhani pengo hili ni langu peke yangu, kwamba ni mimi ninayeshindwa kusogea, kumbe yeye ndiye anayetupanga, anafumba jicho lake moja, anapima, anaacha upana wa mtu mmoja, tena mtu mwembamba... fundi huyu haachi mwanya kwa bahati mbaya.

Amepata kabari, kipande cha mbao kutoka mfukoni mwa suruali, ana vipande vya mbao hata likizoni, anakipenyeza chini ya kamera, ameinama, uso wake siuoni, naona upara tu na jasho.

"Mama Randa, inua kidevu, unatazama chini."

Kidoti anageuka kunitazama, mdomo wazi, namminya mkono, usiseme neno, Bibi anakohoa kikohozi ambacho si cha kifua, na Fundi hakuinua kichwa, hakujirekebisha, au hakusikia alichosema, au alisikia, sijali, kitaa chekundu cha kamera kimeanza kupepesa, anakuja mbio na kandambili zake, anasimama mwisho, anahema, tunangoja, tunangoja... halafu kopo la grisi linateleza tena na kamera inalala kifudifudi bila kupiga kitu.

"Msisogee," anasema, anarudi tena, "mkae vilevile, na hapo katikati pawe hivyo hivyo."

Hatusogei, nani asogee, jua liko palepale, mwenye birika anamkemea mtoto asiyekuwepo, na mkono wangu wa kushoto umetoka mfukoni, hauna simu, nimeuweka wazi ubavuni upande wa pengo, tukifika njia panda nitasema pinda kushoto, kwa Randa, na kama atakuwa ameshapinda kabla sijasema, nitamshika begani tu, kidevu nimekiinua, Fundi, piga.