Majogoo Kwenye Dari ya Gari

Mtahini alifungua mlango wa gari la Fernand Cyr, akachungulia ndani, akaufunga taratibu kama mtu aliyekosea choo.

"Bibi," alimwambia Aurore, mke wa Fernand, ambaye alikuwa keshakaa kwenye usukani na mkanda kajifunga, "mimi napima madereva. Kwenye hema siingii."

Wala hakumwonea. Kitambaa cha dari kilikuwa kimebanduka tangu theluji ya mwaka juzi, kikaning'inia mpaka kikaziba kioo cha katikati. Fernand alikuwa amekibana kwa pini za kushonea za mkewe, mia moja na kitu. Gari likiruka shimo, pini tatu zinadondoka, na unga wa sponji iliyooza unawanyeshea abiria mabegani kama mba. Fernand hakuona tatizo. Yeye huvaa kofia.

Wakapewa Ijumaa nyingine, na Ijumaa hiyo haikuwa ya mchezo. Daktari wa macho alishamkataza Fernand kuendesha tangu msimu wa kuvuna viazi, na nyumba yao iko maili kumi na moja kutoka mji wa Madawaska, kwenye duka na kanisa. Binti yao Lisette alitoa neno kwa simu kutoka Connecticut: Mama akipata leseni mnabaki, asipopata nakuja kuwachukua, mtakaa kwangu ghorofa ya nne. Fernand amelima viazi miaka hamsini. Kila alipoifikiria ghorofa ya nne alishikwa na kizunguzungu, hata akiwa ameketi.

Lakini ufunguo wa gari hakuutoa. Alimwazima Aurore saa ya mazoezi tu, kisha ukarudi mfuko wa shati, kifungo kikafungwa.

"Yule daktari mtoto tu," alikuwa akisema. "Hata ndevu hana."

"Daktari ni mwanamke, Fernand."

"Ndiyo maana hana ndevu," alijibu, akageukia dirishani.

Fundi wa mjini alitaka dola mia nne. Aurore alinunua makopo mawili ya gundi ya kupuliza, akafungua sanduku, akatoa pazia lake la zamani la jikoni, la manjano, lenye majogoo wekundu.

"Majogoo!" Fernand alishtuka. "Kwenye gari la mwanamume?"

"Gari la nani?"

Fernand alikohoa kidogo. "Watu kanisani watacheka."

"Wamecheka pini miaka miwili, na wao wabadilishiwe."

Wakafungua taa ya ndani, vishikio na vile vibao vya kuzuia jua, wakaushusha ubao wote wa dari na kuutoa kwa mlango wa nyuma. Ghalani kulikuwa na baridi ya Aprili, na gundi ya namna ile haishiki kwenye baridi, kwa hiyo ubao ukapitishwa dirisha la jikoni na kulazwa juu ya meza. Siku mbili wale wazee walikula ploye, zile chapati zao laini, kwa siagi wamesimama kando ya jiko kama farasi.

"Tupulize juu ya hii sponji, tumalize," Fernand alisema. "Gundi ni gundi."

"Utabandika pazia kwenye unga? Unga utashika pazia, na ubao utabaki mjane."

Wakaikwangua sponji yote kwa brashi ya kusugulia viazi, mpaka nyuso zao zikawa rangi ya chungwa na ubao ukabaki mtupu.

Kukata alitaka Fernand mwenyewe. "Mimi nimepima mashamba," alisema, "pazia ni nini?" Akanyoosha futi, akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali, akapiga alama ya chaki, akakata kwa madaha. Walipolitandaza pazia juu ya ubao, kona moja ilipungua kiganja kizima. Jogoo wa mwisho hakuwa na kichwa.

Aurore aliokota kipande kilichokatwa.

Fernand akaishika futi tena, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. "Niliona hamsini na tatu."

"Ni hamsini na nane, mzee wangu."

Fernand aliishusha futi. "Kwani yule daktari... kweli mwanamke?"

"Nywele mpaka mabegani. Na hereni."

Fernand alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alifungua kifungo cha mfuko, akautoa ufunguo, akauweka mezani karibu na yule jogoo.

"Usiuweke kwenye gundi," Aurore alisema, na sauti yake haikuwa kavu kama alivyotaka iwe.

Kile kipande kilichokatwa akakishonea mahali pake. Wakapuliza gundi pande zote mbili, wakangoja inate kidoleni, wakalaza kitambaa nusu kwanza na nusu baadaye, viganja vinne vikilainisha kutoka katikati kwenda kingoni.

Ijumaa Fernand alikaa kwenye benchi nje ya ofisi, akizungusha kofia mikononi. Dakika ishirini zilimzeesha mwaka. Gari liliporudi, mtahini alishuka kwanza.

"Amefaulu," alisema. "Kaegesha kunishinda mimi. Ila kuna jogoo mmoja amenisumbua safari nzima."

Fernand alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akaufungua. Aurore alikuwa ndani.

"Upande wa pili, mzee."

Akazunguka. Upande ule hakuwahi kukaa tangu walinunue gari lile. Aliweka kofia magotini, akaegemea, akatazama juu. Sawasawa na utosi wake alikuwapo jogoo mwenye mshono shingoni, kichwa kimegeukia nyuma.

"Huyu umemweka hapa makusudi."

"Hiyo ndiyo kona uliyoikata mwenyewe."

Fernand alimgusa jogoo kwa kidole. Hakubanduka. Akafunga mkanda, akashika kishikio cha mlango kwa mikono miwili.

"Aurore, punguza mwendo."

"Gari sijaliwasha, Fernand."