Nyayo Mbichi Katika Boma la Dekow

Arbia alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa nje ya kibanda chake, pale Balambala, alipoona nyayo zimeingia bomani. Lango la miiba lilikuwa bado limefungwa. Zilikuwa za miguu mitupu, za matope mekundu mabichi ya nchi ya mvua, na Balambala mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka uliopita. Ndani ya matope mlikuwa na chembe zinazometa.

Wifi yake Batula akakwangua kidogo kwa ukucha.

"Dhahabu hii. Wageni wako matajiri, wifi, ila viatu hawana."

Arbia akazifagia. Kesho yake zikarudi palepale.

"Hao ni wale wachimbaji," mumewe Dekow alisema, akaenda kunywesha ngamia.

Habari ya wachimbaji ilijulikana Balambala nzima. Dekow alikuwa ameajiriwa na serikali huko magharibi, kwenye machimbo ya dhahabu, kazi yake kufuata nyayo za wezi. Basi wachimbaji wakaasi, wakachoma stoo ya Mzungu, na askari wakatumwa na bunduki. Dekow mwenyewe alivyosimulia, aliwatoroka askari, akatangulia mbele, akawaongoza wachimbaji msituni mpaka ng'ambo ya mto. Kwa sifa hiyo mzee Noordin angekuja Ijumaa kumposea mwanawe Nuh binti yao, Nimo.

Nchi ile kila mtu anasoma nyayo. Arbia akaweka ufagio chini, akasoma. Mmoja alikuwa akiburuta mguu. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye mimba kubwa, visigino vimezama. Nyuma yao, safari hii, buti, na katikati ya buti makubadhi ya mumewe ya ngozi ya ngamia, aliyoyajua maana ndiye aliyeyashona. Kila yalipokutana na mguu mtupu, makubadhi yalikuwa juu. Aliyetangulia hawezi kukanyaga nyayo za wanaomfuata.

"Ulikuwa nyuma yao," alimwambia Dekow aliporudi.

"Nilikuwa kazini."

"Na huyu mwenye mimba?"

"Alikuwa mzito. Huyo tulimfikia kwanza."

Arbia akajifunika uso kwa mtandio.

Ijumaa alichukua mikeka afunike uwanja. Akaona atakuwa amedanganya pamoja na Dekow, akaiacha imekunjwa. Wazee wakaingia. Noordin alichutama kabla ya salamu, kama mgeni yeyote wa huko anavyofanya ajue mifugo imeelekea wapi. Alisoma taratibu toka langoni. Kidole chake kikasimama kwenye kisigino cha yule mwanamke.

Arbia alijua mzee akigeuka kurudi, hakuna mwingine atakayekuja kumposa Nimo. Hata hivyo aliomba moyoni ageuke.

"Dekow," Noordin akauliza, "hawa walikuwa watu wetu?"

"Hapana, adeer. Watu wa huko huko."

"Haya." Mzee akapangusa kidole kwenye shuka lake. "Alhamdulillahi. Tuzungumze habari za watoto."

Wakazizunguka nyayo kwa adabu, wakakaa kivulini. Posa ikakubaliwa. Uwanjani matope yalikuwa bado mabichi, jua kali vile, na Batula alikuwa akifukuza mbuzi wasiyarambe.

Arbia akaleta birika. Alisimama mbele ya wazee, akingoja hata mmoja wao akatae chai.

Wote wakanyoosha vikombe.